Vita Gani Bila Wachukuzi?

Nilizaliwa Buyenzi, mtaa wa Waswahili hapa Bujumbura. Baba yangu ni mchukuzi wa mizigo katika Bandari ya Bujumbura. Sentensi ya kwanza nimeitamka maisha yangu yote bila shida. Ya pili niliificha. Mtu akiniuliza chuoni baba anafanya kazi gani, nilijibu, "Yuko bandarini," nikamwacha ajaze mwenyewe: huenda ni karani, huenda ni mtu wa forodha. Katika insha hii nataka kusimulia jinsi nilivyoanza mchezo wa kuigiza vita vya kale, na jinsi mchezo huo ulivyonirudisha bandarini.

Mambo yalianza kwenye simu. Rafiki yangu, kijana wa Muramvya ninayesoma naye, alinionyesha video ya watu wazima wa Ulaya waliovaa deraya na kofia za chuma, wakipigana kwa panga na ngao. Haikuwa filamu. Walikuwa watu wa kawaida, wenye kazi zao za wiki nzima, ambao siku za mapumziko hukusanyika kuyarudia maisha ya mababu. Tulitafuta zaidi. Tukajua kwamba huko Uingereza vita vya Hastings vya mwaka 1066 huigizwa pale pale vilipopiganwa. Tukajua pia kwamba Marekani kuna chama kilichoanzishwa California mwaka 1966, ambacho wanachama wake hupigana kwa silaha za henzirani badala ya chuma, ili anayepigwa arudi nyumbani mzima. Wengine miongoni mwao hawapigani kabisa. Hupika kwa moto wa kuni, hushona nguo kwa mkono, hulala katika mahema kama watu wa zamani. Hilo la mwisho tulilipita haraka. Sisi tulitaka panga.

"Na sisi je?" akauliza rafiki yangu. Lilikuwa swali la haki, maana hatukuhitaji kuazima vita vya watu. Kule Makunduchi, Zanzibar, wanaume hupigana kwa mabua ya migomba siku ya Mwaka Kogwa, na ugomvi wa mwaka mzima huishia hapo. Hapa Burundi ngoma yetu ya kifalme imeingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu tangu mwaka 2014. Na tunaye Mwami Mwezi Gisabo, aliyetawala hadi alipofariki mwaka 1908. Mtoto wa Burundi husimuliwa jinsi wapiganaji wake walivyomzuia Rumaliza, yaani Muhammad bin Khalfan, tajiri wa pembe za ndovu na watumwa aliyekuwa na makao yake Ujiji. Hapo tukapata vita vyetu. Tulipanga kuviigiza siku ya utamaduni chuoni.

Tulikuwa watu tisa. Kila Jumapili alfajiri tulikutana kwenye uwanja wa mchanga karibu na ziwa, viboko wakiwa wamekwisha kurudi majini, na kwa mbali tukiziona winchi za bandari. Hatukuwa na fedha, kwa hiyo vifaa tulivitengeneza wenyewe. Mikuki ilikuwa mianzi, na ncha zake tulizikata kutoka kwenye kandambili kuukuu tukazifunga kwa mipira ya baiskeli. Ngao tulizitengeneza kwa mbao za makasha yaliyovunjika, ambazo baba aliziomba kazini akaniletea begani. Sikumuuliza amezibebaje kutoka bandarini hadi Buyenzi. Nilizipokea mlangoni nikasema asante.

Anayeanza mchezo huu hudhani jambo la kwanza ni kujifunza kupiga. Sivyo. Jambo la kwanza ni kujifunza kusimama. Tulikubaliana kwamba mtu yeyote akipaza sauti, "Simama!" wote waganda hapo hapo, hata kama mkuki uko hewani. La pili ni kuanguka: unakunja goti, unateremka kwa ubavu, hutangulizi mkono. La tatu ni kupiga ngao, si mtu. Mimi nilichelewa kuelewa la tatu. Jumapili ya nne mwenzangu alinicheka kwa kuanguka vibaya, nikamchoma kwenye mtulinga kwa hasira. Ncha ya kandambili haikutosha. Alikaa wiki mbili bila kuinua mkono vizuri, nami nikatolewa mazoezini siku moja nikawa nalinda viatu vya wenzangu. Adhabu ile ilinifaa. Ukiwa umekaa na viatu vya watu wanane, unapata muda wa kujiuliza ulitaka kumshinda nani.

Mama naye alikuwa na neno lake. Yeye aliviona vita vyenyewe, vile vilivyoanza mwaka 1993, na hakuelewa kwa nini mtu mzima avicheze. "Kama ni lazima," alisema, "basi mlio wa bunduki nisiusikie." Tulimtii. Watu wa Rumaliza walikuwa na magobori, kwa hiyo tulichonga magobori ya mbao, lakini hayakulia. Mwenye gobori alilielekeza tu, na aliyelengwa akaanguka kimya. Katika mji huu mlango wa lori ukibamizwa kwa nguvu, wapo watu wazima wanaoinama. Haikuwa haki yetu kuwainamisha kwa ajili ya mchezo.

Ikaja siku ya kugawana pande. Wote tulitaka kuwa wapiganaji wa Mwezi. Rafiki yangu wa Muramvya alinitazama, akacheka kidogo, akasema, "Wewe ni wa Buyenzi. Wewe si utakuwa wa Rumaliza? Kanzu tayari unayo." Wengine wakacheka, nami nikacheka. Lakini kicheko kile hakikushuka tumboni. Asiyekulia hapa huenda hajui uzito wa neno Mswahili katika nchi hii. Laweza kuwa jina la lugha, na laweza kuwa tusi: mjanja, mtu wa mjini, mtu asiye na mlima wake. Babu yangu amezikwa Bujumbura, nami bado huulizwa kwetu hasa ni wapi.

Nilikubali. Siku ya utamaduni nilivaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, nikashika gobori la mbao, nikaingia uwanjani na wenzangu wawili kuivamia Burundi. Tulishindwa kama ilivyopangwa. Nilipokuwa nimelala chini, nimekufa, mtu mmoja katika watazamaji akapaza sauti kwa Kirundi, "Muswahili, taha iwanyu!" Mswahili, nenda kwenu. Watu wakaangua kicheko. Nadhani hakukusudia ubaya, alikuwa anashangilia mchezo. Lakini maiti haiwezi kujibu. Nilibaki nimefumba macho, jua likinichoma usoni, nikijua kwamba mahali fulani kati ya watu wale alikuwapo baba yangu.

Usiku ule tulikula ugali na ndagala bila maneno mengi. Nilisubiri aseme juu ya ule ukelele. Hakusema. Alinawa mikono, akaikausha, kisha akaniambia, "Mmecheza vizuri, mwanangu. Ila nina swali. Lile jeshi lenu lilikula nini?"

Sikumwelewa.

"Limetoka Ujiji mpaka huku. Chakula kilibebwa na nani? Baruti je? Nimeangalia mwanzo mpaka mwisho, sikuona hata mtu mmoja mwenye mzigo. Na ile kanzu yako haina hata vumbi. Vita gani hivyo bila wachukuzi?"

Swali lile lilinipeleka maktaba. Sisi tunaosoma Kiswahili tunayajua maisha ya Tippu Tip aliyoyasimulia mwenyewe, lakini nilikuwa nimeyasoma nikimfuata Tippu Tip peke yake. Safari hii nilifuata mizigo, na ukifuata mizigo unawakuta wapagazi kila mahali: wanatafutwa, wanagoma, wanatoroka, wanakufa. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na kitu. Wengi walikuwa Wanyamwezi waliofanya kazi kwa ujira. Wengine walikuwa watumwa. Misafara iliyoitwa ya Waarabu na Waswahili ilijaa watu wa bara, wakiwemo Wamanyema kutoka ng'ambo ya ziwa letu. Bibi yangu mzaa baba alikuwa akisema asili yetu ni Umanyema. Nilikuwa nikimsikiliza kama mtu anayesikiliza mvua.

Hata neno lenyewe nililipita siku zote bila kulisimamisha. Kupagaa ni kubeba mzigo begani. Mpagazi wa kitabuni ndiye mchukuzi wa bandarini. Nilikuwa nikimheshimu yule wa kwanza katika mitihani na kumficha yule wa pili nyumbani.

Nikamwomba baba anifundishe. Alizungumza na msimamizi wa zamu, nikapokelewa kuwa kibarua wa siku moja. Meli ilikuwa imeleta saruji kutoka Mpulungu, Zambia. Mfuko mmoja wa saruji ni kilo 50, zaidi ya frasila tatu. Baba alinifunga kitambaa begani, akaniambia nisiinue kwa mgongo bali nichuchumae, mzigo uje kwangu, si mimi niende kwake. Juu ya ubao usitazame miguu yako, tazama unakokwenda. Hatua ziwe fupi. Usizungumze na mzigo ukiwa juu. Kufikia adhuhuri nilikuwa nimebeba mifuko 11, magoti yakinitetemeka. Baba alikuwa ameacha kuhesabu ya kwake. Alipovua shati kunawa, niliiona sugu begani pake, ngumu kama kisigino. Nilipokuwa mdogo nililalia bega lile, nikidhani mabega ya watu wote yako hivyo.

Nilimuuliza jambo moja lililokuwa linanisumbua: kama angekuwa katika msafara ule, vita vikaanza, angefanya nini na mzigo? Nilitarajia aseme angeutupa na kukimbia, au angechukua silaha. Alifikiri kidogo. "Ningeutua taratibu," alisema. "Ukipasuka, watakukata ujira."

Muhula uliofuata tuliigiza tena. Niliwaeleza wenzangu niliyoyapata, na baada ya ubishi wakakubali. Safari hii kanzu zilikuwa zimeloweshwa udongo. Kabla ya vita tuliingia wapagazi watatu, kila mmoja na gunia la mchanga la kilo 30 begani, tukauzunguka uwanja. Hatukuigiza uzito, tulikuwa nao. Mzunguko wa kwanza watu walicheka. Wa tatu walianza kunong'ona. Wa tano palikuwa kimya, zikasikika pumzi zetu. Tukumbuke kwamba hata watimbo wetu mashuhuri huingia uwanjani ngoma zikiwa vichwani, wakizipiga huku wakitembea. Watazamaji wa Burundi wanajua kubeba ni nini. Walikuwa hawajaonyeshwa tu kwamba na upande ule mwingine ulibeba.

Wapiganaji wa Mwezi waliposhuka, nilichuchumaa, nikautua mzigo taratibu kama nilivyofundishwa, nikakaa nyuma yake. Rafiki yangu wa Muramvya alinijia mbio, mkuki juu. Alipofika akakuta mtu asiye na silaha, anatweta. Hilo hatukulifanyia mazoezi. Hakuna aliyesema "Simama," lakini alisimama. Akanitazama, akautazama mzigo, kisha akateremsha mkuki na kupita kwenda kumtafuta mwenye gobori. Tulishindwa safari ile pia, na ilikuwa haki tushindwe. Rumaliza alikuja kupora, na mchezo wetu haukumsafisha. Lakini hakuna aliyeniambia niende kwetu.

Kwa mwanafunzi anayetaka kuanza mchezo huu, ushauri wangu ni mfupi. Mikuki inatengenezeka kwa siku moja, na kuanguka kunajifunzika kwa mwezi. Yaliyo magumu ni kukubali upande usioupenda bila kuutetea na bila kuudharau, na kuuliza jeshi lako lilikula nini. Na katika nyumba yako, au jirani yako, huenda yupo mtu ambaye bado anaifanya kazi ya karne ile kwa mwili wake. Mwanzie huyo kabla ya maktaba.

Baada ya onyesho mhadhiri mmoja alinifuata nikijipangusa mchanga shingoni. Aliuliza nilijifunza wapi kubeba namna ile.

"Kwa baba yangu," nilimjibu. "Ni mchukuzi bandarini." Kisha nikamwonyesha alipokuwa amesimama, pembeni mwa uwanja, akilifunga upya gunia langu lililokuwa limeanza kuvuja.