Afrika Inaanzia Roma

Mama mwenye nyumba alikuwa ananimiminia kahawa aliposema kwamba Afrika inaanzia Roma. Alikuwa anamsema dereva wa basi aliyempita kituoni asubuhi ile, bila shaka mtu wa Kusini mwa Italia, na maneno yalimtoka kwa wepesi, kama mtu anavyosema mvua inakuja. Halafu akanitazama. Birika likabaki hewani. "Samahani," akasema, "sikukukusudia wewe."

Nilicheka, maana kweli hakunikusudia. Mimi kijana wa Tanga, niliyekuja Torino kujifunza ufundi wa mitambo, nilikuwa mgeni tu, na mgeni huwa hana kesi. Kesi ilikuwa ya wenyewe kwa wenyewe.

Ilikuwa 1990. Tuliishi San Salvario, mtaa ulio ubavuni mwa stesheni ya Porta Nuova, ambako treni za Kusini zilikuwa zinaishia. Watu wa Kaskazini waliwaita wale walioshuka humo terroni, neno lililotoka kwenye terra, ardhi, kana kwamba wameng'olewa shambani na udongo ungali miguuni. Nao wa Kusini wakawaita wenyeji polentoni, yaani walaji wa polenta. Polenta yenyewe nilipoletewa mezani nilibaki mdomo wazi. Ugali! Tena wa unga wa njano, kama ule tuliouita Yanga miaka ya shida. Nikamwambia mama mwenye nyumba kwamba kwetu nusu ya nchi ni polentoni. Hakufurahi hata kidogo. Wala mimi sikumwambia jinsi sisi watu wa pwani tunavyowacheka wa bara kwa Kiswahili chao.

Ghorofa ya chini aliishi mzee mmoja wa Calabria, fundi wa Fiat pale Mirafiori. Alifika 1961 akiwa na sanduku la karatasi ngumu lililofungwa kwa kamba. Mwaka ule Torino ilikuwa na maonyesho makubwa ya kuadhimisha miaka 100 ya umoja wa Italia, bendera kila kona, naye akizunguka mitaani akisoma vibao milangoni: hatupangishi watu wa Kusini. Mwishowe alipata kitanda. Chumba hakupata, kitanda, kimoja kwa wanaume watatu, kila mmoja na zamu yake kiwandani, akiamka huyu analala yule. "Miaka miwili sikulalia shuka baridi," aliniambia, na sikujua kama analalamika au anatania.

Nilimpenda mzee yule. Siku moja tukiwa sokoni Porta Palazzo alinyoosha kidevu kuelekea kwa vijana wa Morocco waliotandaza bidhaa zao chini, akasema hawa watu ndio wanaouharibu mji. Kisha akanishika mkono. "Si wewe, mwanangu."

Mwezi Juni likaanza Kombe la Dunia. Mechi ya ufunguzi ilichezwa Milano, Argentina na Cameroon, na Wamilano wakamzomea Maradona wa Argentina dakika zote 90, kwa kuwa alikuwa mfalme wa Napoli, na Napoli ilikuwa imetoka tu kuipiku klabu ya Milan kwenye ubingwa wa ligi. Omam-Biyik wa Cameroon alipofunga kwa kichwa, mama mwenye nyumba alinikumbatia kama mwanawe. Baadaye Maradona akasema kwa kejeli kwamba walau amewaponya Wamilano ubaguzi: leo wameshangilia Waafrika.

Italia nayo ilibebwa na Schillaci, mtoto wa Palermo, kule Kusini, aliyeichezea Juventus ya hapo hapo Torino. Msimu mzima mashabiki wa timu pinzani walikuwa wamemwimbia kwamba ni mwizi wa matairi. Sasa baa yetu ilimwita Totò, kama ndugu wa damu. Mzee wa Calabria alisikiliza bila kusema neno. Alikuwa anakata chungwa lake kwa kisu kidogo, ganda likishuka refu bila kukatika.

Kisha ratiba ikaleta nusu fainali, Italia na Argentina, tarehe 3 Julai, na wapi? Napoli. Kabla ya mechi Maradona aliwakumbusha watu wa Napoli kwamba siku 364 za mwaka wanafanywa wageni katika nchi yao, na leo wanaombwa kuishangilia. Baa nzima ililaani. Mimi nilimtazama mzee. Alikuwa ameinamia chungwa.

Schillaci alitangulia kufunga, na kwa karibu saa nzima tulikuwa taifa moja, hata mimi. Kipindi cha pili kipa wetu Zenga akatoka golini akauwahi mpira vibaya, Caniggia wa Argentina akaugusa kwa kichwa, 1-1. Zikaja penalti. Donadoni wetu akadakwa. Serena naye akadakwa. Ukimya ulioingia ni ule wa nyumba yenye mgonjwa.

Wa kwanza kuuvunja alikuwa mwuza magazeti. "Wanapoli wametuuza," akasema. Mwingine akaitikia, na mwingine, ikawa kelele: hawakushangilia vya kutosha, wasaliti, wachafu, ule mlima wao wa moto na uwafunike. Mama mwenye nyumba, aliyekuwa amekaa karibu nami, alitikisa kichwa akikubali.

Mzee alifunga kisu chake. Akasimama, akainua mkono wake uliokosa ncha ya kidole kimoja, akaanza kuhesabu taratibu kama anayefundisha mtoto. "Zenga, wa Milano. Donadoni, wa mkoa wa Bergamo. Serena, wa Montebelluna." Wote wa Kaskazini. Akasubiri. "Na bao letu, la nani?"

Hakuna aliyemjibu. Akaweka sarafu kaunta, akavaa kofia, akaniambia twende, kesho ana zamu ya asubuhi.