Kufa na Kurudi Nyumbani

Miaka ya tisini, mwandishi wa kumbukumbu hizi alipokuwa mtoto, gharama ya kufa kwenye gemu ilijulikana na wote. Mashine ya kaseti ilikuwa moja, televisheni moja, watoto sita wamebanana mkekani, na Contra ilimpa kila mchezaji roho tatu. Zikiisha, unampisha mwenzako. Hakuna aliyengoja kuambiwa, maana pedi ilikuwa imeshanyakuliwa kabla kioo hakijatangaza kwamba mchezo umekwisha.

Baadaye alikuja kujua kwamba ukali ule ulikuwa na ukoo wake. Mwaka 1980 Michael Toy na Glenn Wichman walitengeneza Rogue huko California, gemu ambayo shujaa wake alikuwa alama ya @ tu, akizunguka katika mashimo yaliyopangwa upya kila safari. Ukifa, kila ulichochuma kinafutwa. Mwaka 2013 Rogue Legacy ikalegeza kamba: marehemu anamwachia mrithi fedha za kujiimarisha. Aina hiyo wachezaji wakaiita rogulaiti.

Kwa miaka mingi mwandishi hakuona faida ya aina zote mbili, ile ya Rogue na rogulaiti. Kisha ikaja Hades.

Kampuni ya Supergiant Games ya San Francisco ilianza kuiuza Desemba 2018 ikiwa bado haijakamilika, ikaendelea kuijenga huku watu wakiicheza, na kuikamilisha Septemba 17, 2020. Zagreus, mwana wa Hades, mfalme wa kuzimu, anataka kutoroka nyumbani kwa baba yake. Lazima apite Tartarus, Asphodel, Elysium na hekalu lililo mpakani mwa ulimwengu wa walio hai, na kila chumba kina watu wanaotaka kumrudisha alikotoka.

Mwandishi aliuawa na Megaera. Mwanamke huyo mwenye mjeledi na bawa moja hukaa mwisho wa Tartarus, naye alimrukia kutoka upande wa pili wa ukumbi wakati kidole kimechelewa kubonyeza kitufe cha kukwepa. Damu ikamzamisha Zagreus. Mwandishi akaweka pedi chini, kama alivyozoezwa tangu mkekani.

Lakini kioo hakikuzima. Zagreus aliibuka kwenye bwawa la damu ndani ya nyumba ya baba yake, akijikung'uta. Hypnos, mungu wa usingizi, akamsoma kwenye orodha yake na kumtajia kilichomuua. Cerberus alikuwa pale pale na vichwa vyake vitatu, anangoja kupapaswa. Safari nyingine ya kurudi, Megaera mwenyewe alionekana ukumbini, ameketi mezani, na mtu angeweza kumsogelea wakazungumza. Muuaji kumbe ni mtu wa nyumbani!

Hapo ndipo penye nguvu ya gemu hii. Mwandishi wake mkuu, Greg Kasavin, na wenzake waliandika mazungumzo yenye mistari iliyorekodiwa kwa sauti inayopita 20,000, nayo hukumbuka: umekufa wapi, umeshika silaha gani, umekutana na nani. Kila kifo kinafungua mlango wa habari. Mpwa wa mwandishi wa kumbukumbu hizi, aliyekuwa akitazama pembeni, alishindwa kuelewa.

"Mjomba, umekufa tena?"

"Nimekufa, mjomba."

"Sasa mbona unacheka?"

Alicheka kwa sababu alikuwa na hamu ya kusikia Achilles wa pale nyumbani atasema nini.

Alimshinda Hades kwa mara ya kwanza katika safari ya 31, na furaha ile ikaja na shaka. Chumbani mwa Zagreus kuna Kioo cha Usiku, ambacho humuuzia mchezaji nguvu za kudumu, zikiwemo nafasi tatu za kufufuka papo hapo. Je, aliyeshinda ni mkono uliokomaa au ni kioo? Kwa kuwa kioo kinaweza kurejeshewa vyote kwa ufunguo mmoja, alivirudisha akaenda mikono mitupu. Alikufa Asphodel, hata joka la mifupa hakulifikia. Usiku wa tatu alifika Elysium. Jibu, basi, lilikuwa vyote viwili, na gemu haikuambii kila kimoja kilichangia kiasi gani. Hilo ni doa la kweli. Bahati nayo huongeza utata: mungu Athena akikupa ule mwepuko unaorudisha mishale kwa aliyeirusha, safari inakuwa nyepesi, akikunyima, unatoka jasho.

Doa jingine lilijitokeza polepole. Njia ni ile ile moja, mpangilio wa maeneo haubadiliki, na kisa cha Persephone, mama yake Zagreus, kinadai ushindi mara kumi. Kufikia ushindi wa saba, mwandishi alikuwa akipita kwenye mahandaki ya hekalu yenye sumu na panya, akitafuta gunia la chakula cha Cerberus, kwa moyo wa mtu anayepanga foleni. Nyumbani nako maneno yalianza kupungua. Mazungumzo yakikauka, kufa kunarudia uzito wake wa zamani. Watengenezaji wenyewe walipanua mambo katika Hades II, iliyokamilika Septemba 2025, yenye njia ya kushuka kwa adui Chronos na nyingine ya kupanda Olympus.

Mpwa alipoanza kucheza, aliwasha hali inayopunguza maumivu kwa asilimia 20, kisha kuongeza 2 kila unapokufa, hadi 80. Mwandishi aliiona kuwa ni kudekeza. Akabadili mawazo alipomwona mtoto akifika Elysium kwa juhudi za wiki mbili, akisimama mbele ya mabingwa wa huko, Theseus na Asterius, ulimi nje, mabega yamepanda.

Mkuki wa Theseus ukampata. Mjomba akanyoosha mkono kupokea pedi, kwa mazoea ya mkekani. Mtoto hakumpa. Hypnos alikuwa ameshaanza kuzungumza.