Daftari la Mathe wa Njokerio

Kule Njokerio, kijiji kilichoota ubavuni mwa Chuo Kikuu cha Egerton, hatukungoja tangazo la msajili ili kujua kwamba mwaka wa masomo unakwisha. Magodoro yalianza kutoka nje. Yalikunjwa, yakafungwa kwa kamba juu ya matatu za kwenda Nakuru, na barabara ya Njoro ikajaa vitanda vinavyosafiri. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho walipita nyumba kwa nyumba wakiuza sufuria, pasi, redio na koili za kuchemshia maji. Sisi watoto wa kijiji tulijua kusubiri: kitu kilichoitishwa shilingi mia mbili Jumatatu kingepatikana kwa hamsini Ijumaa, matatu ikipiga honi. Meza niliyosomea hadi kidato cha nne iliingia kwetu kwa njia hiyo.

Nazungumzia miaka ya tisini. Baba alikuwa mkamuaji katika mashamba ya chuo, na Mama alikuwa na kibanda cha chakula. Wanafunzi walimwita Mathe, yaani mama kwa lugha yao ya mtaani, jina likashika, hata majirani wa rika lake wakawa wanamwita hivyo.

Chuo chenyewe kilianza kama shamba. Mwaka 1939 Maurice Egerton, lodi wa Kiingereza wa Tatton, alitoa ekari 740 ili vijana wa Kizungu wafundishwe ukulima wa nchi hii. Mwaka 1958, aliofariki, aliongeza ekari nyingine 1,100, na muda si mrefu baadaye milango ikafunguliwa kwa watu wa rangi zote. Mwaka 1986 chuo hicho cha kilimo kiliwekwa chini ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na 1987 kikapata sheria yake na kuwa chuo kikuu kamili. Wakaja walimu wa sayansi, wa elimu na wa lugha, lakini ng'ombe hawakuondoka, wala ngano.

Kwa hiyo tuliishi kwa kalenda mbili. Kalenda ya masomo iliyumba mno. Ilikuwa enzi ya migomo, na serikali haikusita kufunga vyuo vya umma. Muhula ulioanza leo ungeweza kukatika kesho, na mwaka ukamalizikia mwezi ambao hakuna aliyeutarajia. Kalenda ya shamba haikuwa na mzaha. Mahindi yalipandwa mvua za masika ziliponyesha, ngano ikafuata katikati ya mwaka, na mwaka ulipoelekea ukingoni kombaini zilianza kunguruma kutoka shamba hadi shamba. Baba aliondoka nyumbani alfajiri, ukungu wa milima ya Mau ukiwa bado umelala juu ya nyasi, awe na wanafunzi au asiwe nao. Bweni hufungwa kwa kufuli. Ng'ombe asipokamuliwa siku moja huumwa kiwele.

Biashara ya Mama ilikuzwa na mambo mawili. Mwaka 1990 wanafunzi wa kwanza wa mfumo wa elimu wa 8-4-4 waliingia vyuo vikuu, na vyumba vya ndani ya chuo vikawa haba. Wengi wakapanga kwetu. Mwaka uliofuata serikali ikaleta uchangiaji wa gharama. Waliowatangulia walikuwa wamelishwa mesini, bwalo la chuo, na kupewa posho, ile waliyoiita boom. Sasa kila sahani ilikuwa na bei yake. Mtoto wa mkulima wa Kisii au wa Kitui alihesabu sarafu zake mesini, akazirudisha mfukoni, akaja kwa Mathe kula chapati na madondo. Pesa za nyumbani zikichelewa, aliandikwa.

Aliandikwa katika daftari la mistari lililoning'inia kwenye msumari. Mama hakujua majina yao ya usajili, akawaandika alivyowaona: Mrefu wa Agronomi, Dada wa Miwani, Mchungaji, Yule wa Githeri Mbili. Mbele ya jina kulikuwa na tarehe na kiasi. Hakutoza riba, wala hakudai mbele ya watu. Mtihani ulipokaribia aliwaongezea hata chai ya usiku kwa deni, akisema mwenye njaa hasomi, hulala na kitabu usoni.

Juma la mwisho ndilo lililokuwa mwaka wenyewe kwetu. Mwanafunzi wa kumaliza alitembea na fomu ya klirensi kutoka ofisi hadi ofisi: maktaba iseme hana kitabu chao, bweni liseme hajavunja kitu, idara ya michezo iseme amerudisha jezi. Bila sahihi hizo, hakuna cheti. Jioni moja Mrefu wa Agronomi aliingia kibandani, akaiweka fomu mezani, akasema, "Mathe, umebaki wewe." Mama alifuta mikono kwenye leso, akaigeuza fomu, akatafuta nafasi yake na asiione. "Mwanangu," akamwambia, "huku kwangu sahihi ni pesa." Kibanda kizima kilicheka. Kijana akalipa, kisha akaomba daftari mwenyewe na kupiga mstari juu ya jina lake.

Si wote waliolipa. Wako walioondoka usiku, wako walioapa kutuma kwa posta, na wako waliorudishwa nyumbani ghafla chuo kilipofungwa, wasipate hata nafasi ya kuaga. Januari 1998, baada ya uchaguzi mkuu, mapigano ya kikabila yalizuka Njoro. Watu waliuawa na nyumba zikachomwa. Kibanda kilifungwa. Nilimwona Mama akilipitia daftari nyumbani, na kwa mara ya kwanza hakuwa akijumlisha deni. Alikuwa anawataja mmoja mmoja, Mluo, Mkalenjin, Mkikuyu, Mkamba, Mgusii, akijiuliza kila mmoja amelala wapi. Benchi lake lilikuwa limewakalisha wote bega kwa bega, wakigombea pilipili tu.

Kila mwaka wanafunzi walipoondoka, Njokerio ilibadilika. Waliochoma mahindi waliondoa majiko barabarani, kinyozi akaenda kulima, na bei ya maziwa ya jioni ikashuka kwa kukosa wanywaji. Walinzi, wapishi, wasafishaji na wakamuaji walibaki wakizunguka katika chuo kikubwa kisicho na sauti, wakipaka vyumba chokaa na kunyoosha ua wa misonobari. Hao ndio waliokabidhi mwaka mmoja kwa mwingine. Mama naye alijumlisha ukurasa, akaandika chini yake neno "Mungu", akafungua ukurasa mpya. Deni lililofika hapo halikudaiwa tena.

Siku ya mahafali tulitazama kutoka nje ya uzio. Chansela alitunuku shahada, joho likapepea, wazazi wakapiga vigelegele, na hotuba zikataja idadi ya waliofuzu. Sijasikia hotuba iliyotaja sahani zilizokopeshwa ili watu hao wafuzu. Wanafunzi wengi wa miaka ile hawakuvushwa na karo peke yake. Walivushwa na wanawake wa vibanda ambao hawakuwahi kuketi darasani mle, na ambao hakuna kitabu cha hesabu cha serikali kilichowaandika kama wafadhili wa elimu ya juu.

Kibanda cha Mama hakipo tena. Mahali pake pamejengwa nyumba ya ghorofa ya kupangisha, na mkopo wa chakula siku hizi unakaa ndani ya simu, wenye riba na ujumbe wa vitisho. Lakini vibanda vingine vipo, Njoro na kila penye chuo, na madaftari bado yananing'inia kwenye misumari. Wewe unayefunga mwaka, ukishapata sahihi ya maktaba na ya bweni, usipande gari kabla ya kupita kibandani. Lipa unachodaiwa. Na kama ulimaliza zamani ukaondoka usiku, nauli ya kutoka Nakuru hadi Njoro haijawahi kuwa kubwa kuliko deni lile.