Kununua Sonda ya Motokari Iliyozeeka

Wengi kati yetu twategemea motokari zilizozeeka. Zilitumika kwanza Japani miaka mingi, zikavuka bahari hata Dar es Salaam, ndipo zikafika kwetu Lubumbashi kwa barabara. Twazipenda, maana zinatulisha. Lakini siku moja motokari huanza kunywa petroli kama mlevi, buji zinakuwa nyeusi, na taa ya injini inawaka mbele ya dereva. Fundi anainama, anasikiliza, kisha asema: “Sonda imekufa, leteni nyingine.” Hapo ndipo fedha za wengi hupotea.

Sonda ni nini? Ni chombo kidogo, umbo lake kama buji, kilichokazwa katika bomba la moshi. Kazi yake ni kupima oksijeni iliyobaki katika moshi. Petroli kilo 1 yahitaji hewa kilo 14.7 hivi ipate kuungua vema. Petroli ikizidi, sonda ya kawaida hutoa umeme wa karibu volti 0.9, hewa ikizidi, hutoa karibu volti 0.1. Kompyuta ya injini husikia habari hiyo, ikaongeza petroli au kuipunguza. Motokari za kwanza kuuzwa na sonda zilikuwa za Volvo, mwaka 1976, na sonda yenyewe ilitengenezwa na Bosch wa Ujerumani.

Basi, sonda ni shahidi. Shahidi aweza kusema uongo, lakini aweza pia kusema kweli isiyopendeza. Bomba likitoboka karibu na sonda, hewa ya nje huingia, na sonda itasema: hewa imezidi. Ukinunua sonda mpya, itasema maneno yale yale, maana tundu lipo bado. Kwa hiyo kwanza tumhoji shahidi kabla ya kumzika. Injini ikiwa moto, fundi apime kwa mita ya umeme: sonda nzima hupanda na kushuka pasipo kutulia. Ikikaa mahali pamoja tu, na bomba halina tundu, yafaa kuishuku.

Mdogo wetu huchukua unga kati ya Kipushi na Lubumbashi kwa Toyota Corolla ya mwaka 1998. Petroli ilikula faida yake yote, hata ikabaki fedha ya karo ya watoto peke yake. Fundi alipima, akaona kweli sonda imekufa. Tukaing’oa ile ya zamani, tukaifunga katika kitambaa, tukaenda nayo sokoni.

Muuzaji alitupa sonda tatu. Ya kwanza ilikuwa mpya, ya bei ndogo, lakini waya zake hazikuwa na kichwa cha kuungia. Ya pili ilitolewa katika motokari nyingine. Ya tatu ilikuwa mpya, ya Denso, na bei yake kubwa. Mdogo wetu akasema: “Yaya, hii ya kwanza ni nusu ya bei. Na watoto je?”

Neno lake lilituuma. Lakini wazee walisema, rahisi huvunja upishi. Sonda isiyo na kichwa yataka kukatwa na kuungwa waya, na rangi zake zadanganya. Katika sonda nyingi za Bosch zenye waya nne, nyeupe mbili ni za kuipasha moto. Katika zile za Denso za Toyota, za kupasha moto ni nyeusi mbili, na nyeupe ni ya kurudisha umeme. Anayeunga nyeupe kwa nyeupe anaharibu. Tena risasi ya kulehemu isitumike, kwa sababu sonda nyingi huvuta hewa safi kupitia waya zake.

Ile ya pili ilifanana na yetu kabisa, waya nne vilevile. Lakini kufanana si undugu. Motokari nyingine za Toyota hutumia sonda ya namna nyingine, inayopima uwiano wa hewa kwa upana zaidi. Kwa macho ni ile ile, lakini kompyuta ya sonda ya kawaida haielewi lugha yake. Wala hakuna aliyejua ile ilikuwa imetembea kilometa ngapi.

Tukafungua kitambaa, tukalinganisha namba iliyoandikwa juu ya chuma. Namba ya ile ya tatu ilikuwa sawasawa na yetu. Tukainunua. Kisha tukaenda pamoja kwa mkuu wa shule, tukamwomba karo ilipwe mara mbili. Alikubali. Baada ya majuma machache buji zilikuwa na rangi ya udongo mkavu, na sehemu ya pili ya karo ikalipwa kwa faida ya unga.

Nanyi basi, mkienda sokoni, chukueni sonda ya zamani mkononi. Hesabuni waya, someni namba, tazameni kichwa. Kama namba imefutika, mtoe namba ya chasi na ya injini, maana mwaka wa motokari peke yake hautoshi. Wakati wa kuikaza, grisi ya kuzuia kutu iguse skrubu tu, isiguse ncha. Na gundi ya silikoni isiyofaa kwa sonda isitumike katika injini, kwani mvuke wake huiua. Sonda iliyochaguliwa hivyo yaweza kusema kweli kwa kilometa nyingi.