Bolti za Hedi Hazitaki Ubabe

Waulize mafundi wengi wa Dar es Salaam spana ya torki iko wapi, watakuonyesha mkono wa kulia. "Mkono wangu unajua." Ndivyo tulivyofundishwa, na wazee wetu siwacheki, maana injini walizokulia zilivumilia: bloku nzito ya chuma, bolti nene, na ikichemsha unafungua unarudia. Siku hizi gereji kwetu Tabata zinaingia Toyota IST, Vitz na Probox, na ndani yake mara nyingi ni injini ya 1NZ-FE. Hedi ni alumini, bloku nayo alumini, na kinachozishikanisha ni bolti 10 nyembamba. Hapo mkono haujui kitu.

Kitabu cha Toyota kinataka uikaze kila bolti kwa nyutoni mita 29, kisha uizungushe digrii 90, kisha digrii 90 nyingine. Kijana anayejifunza akisikia spana inalia "ka!" kwenye 29 ananitazama, anadhani spana mbovu. "Fundi, hii bado laini." Ndiyo, laini. Hiyo 29 ni ya kuiketisha bolti tu.

Bolti ya hedi hufanya kazi kwa kuvutika. Ukiizungusha inarefuka kidogo, na kwa kuwa inataka kurudi urefu wake, inaibana hedi kwenye bloku. Spana ya torki haipimi huo mvuto. Inapima ugumu wa kuzungusha, na takribani sehemu tisa katika kumi za nguvu yako zinaliwa na msuguano, chini ya kichwa cha bolti na kwenye nyuzi. Chukua bolti yenye kutu na yenye oili, zikaze kwa namba ileile: spana italia sawa, lakini ya kutu itakuwa haijabana nusu ya mwenzake. Digrii hazina tatizo hilo. Robo ya mzunguko ni robo ya mzunguko, na bolti zote 10 zinavutika karibu sawa.

Ndiyo maana kazi kubwa naifanya kabla ya kushika spana. Hedi ikitoka, maji ya rejeta na oili vinamwagikia kwenye matundu ya bolti, na matundu hayo hayana pa kutokea. Ukiingiza bolti juu ya maji, unakuwa umetengeneza jeki: maji hayashindiliki, bolti inayasukuma, na bloku inapasuka kwa chini usikokuona. Nimeletewa bloku ya namna hiyo, mwenye gari akiambiwa kwingine kuwa ni gasketi feki. Kwa hiyo nafunga kitambaa kwenye waya, nachovya hadi kitoke kikavu, kisha napuliza kwa kompresa. Uchafu wa kwenye nyuzi nautoa kwa bolti ya zamani niliyoikata mchirizi kwa msumeno wa chuma. Tapu ya kukatia siitaki, inakula alumini. Mwisho oili kidogo kwenye nyuzi na chini ya kichwa, pamoja na washa yake. Kidogo, si kuchovya.

Kukaza naanzia bolti mbili za katikati, kisha natoka nje kwa kupishana hadi pembeni, gasketi ilale ikielekea nje. Kufungua ni kinyume chake, kutoka pembeni kuja katikati, injini ikiwa imepoa kabisa. Spana naivuta mfululizo. Ukisimama njiani ukaanza tena, bolti inagoma kuondoka, spana inalia kabla ya wakati, na wewe unaridhika bure.

Kwa digrii natumia rangi ya kucha, mke wangu alishazoea kununua mbili. Baada ya 29 naweka nukta kwenye kila kichwa, upande wa mbele wa injini. Mbele ya injini ni upande wa cheni, si mbele ya gari, maana kwenye IST injini imekaa ubavu. Raundi ya kwanza nukta zote zinatazama pembeni, ya pili zote zinatazama giaboksi. Iliyobaki nyuma unaiona hata ukiwa umechoka.

Ugomvi wangu na wateja uko kwenye bolti zenyewe. Ikishavutwa hivyo, inaweza isirudi urefu wake wa mwanzo. Kitabu kinatoa kikomo cha urefu, nami napima kwa vernia mbele ya mwenye gari. "Sasa fundi, si bolti nzima hii? Haijakatika!" Haijakatika bosi, lakini imezidi urefu. Wengine wananunua. Wengine wanahamisha gari.

Halafu kuna wanaorudi baada ya wiki wakitaka hedi "irekazwe". Hiyo inatoka kwenye gasketi za zamani zilizokuwa zikinywea zikipata moto, na wakati huo kurudia ilikuwa kazi halali. Gasketi ya siku hizi ya tabaka za chuma hainywei hivyo, na kuiongezea mzunguko bolti iliyokwisha kuvutwa ni kuitafutia kukatika. Nawaambia wafungue mfuniko wa rejeta gari likiwa baridi, tuangalie maji, kisha feni na thamostati. Hedi nyingi zinazorudi gereji, bolti zake hazina kosa. Kilichoichemsha injini mara ya kwanza hakuna aliyekigusa.