Mji unaolea wana wa wenyewe

BARIDI ya Kanada haibishi hodi. Nilipotoka nje ya uwanja wa ndege wa Toronto jioni moja ya Januari mwaka 2025, ilinipenya mpaka mifupani, nikaelewa kwa nini dada yangu alikuja kunilaki na makoti mawili mazito, moja amelivaa na jingine amelipakata kama mtoto.

"Vaa kaka," akaniambia. "Hapa hakuna ushujaa."

Tulishika barabara kuu ya 401 kuelekea magharibi, safari ya kilomita mia moja hivi. Pande zote ilikuwa theluji tupu. Nyuma ya gari aliketi mpwa wangu, kijana wa miaka kumi na mitano, mrefu kuniliko, na kando yake mfuko mkubwa kama gunia la mahindi. Nilidhani ni nguo za mvulana aliyetoka bweni. Kumbe ni zana za hoki.

Sisi Wakenya tukisikia hoki tunakumbuka magongo na nyasi za uwanja wa City Park. Hoki ya Wakanada huchezwa juu ya barafu. Kila upande una watu sita, wote wamevaa viatu vya kutelezea vyenye chuma kikali kama kisu, wakigombea kijisahani cheusi cha mpira mgumu. Hapa Nairobi waliojaribu mchezo huo ni wachache, tangu uwanja mdogo wa barafu ulipofunguliwa mwaka 2005 katika hoteli moja kwenye barabara ya Mombasa. Timu iliyozaliwa huko, Kenya Ice Lions, ilialikwa Kanada mwaka 2018 ikacheza pamoja na nyota Sidney Crosby na Nathan MacKinnon.

Lakini kule mchezo huo si burudani tu. Ni njia ambayo maelfu ya wavulana huianza wakingali wadogo, na ambayo huwaondoa nyumbani mapema. Dada yangu alikuwa amefika kwenye njia panda ya safari hiyo, ndiyo sababu alinitaka niende.

Mji wa Bwana Kitchener

Mji anaoishi unaitwa Kitchener. Msomaji aliyesoma historia ya Afrika atalitambua jina hilo. Ni yule yule mwanajeshi wa Uingereza aliyeiteka Sudan mwaka 1898, na ambaye kabla ya hapo, mwaka 1885, aliteuliwa katika tume ya kuamua mipaka ya milki ya Sultani wa Zanzibar katika pwani yetu. Mji wenyewe hapo awali uliitwa Berlin, kwani walowezi wake wengi walikuwa na asili ya Kijerumani. Vita vilipozuka mwaka 1914, sanamu ya Kaisari iliyokuwa katika bustani ya Victoria ilitupwa ziwani. Mwaka 1916 wakazi walipiga kura, na mji ukapewa jina la Kitchener, aliyekuwa amefia baharini mwaka uo huo.

Leo ni mji wa viwanda na wasomi. Nje kidogo, huko St. Jacobs, Wamenonaiti wa madhehebu ya kale bado huenda sokoni kwa magari ya farasi. Jioni ya Ijumaa, hata hivyo, wakazi wengi huelekea mahali pamoja: uwanja wa Memorial Auditorium, uliofunguliwa mwaka 1951, ambao wenyeji huufupisha kwa kuuita "Aud".

Tulikwenda. Ndani walijaa watu wapatao elfu saba, wazee kwa watoto, wote kushangilia vijana ambao baadhi yao hawajaanza kunyoa ndevu. Timu hiyo, Kitchener Rangers, ni ya wavulana wa miaka 16 hadi 20. Haina tajiri anayeimiliki. Mali ni ya wanaonunua tiketi za msimu mzima, na hao ndio huchagua halmashauri ya kuiendesha. Imewahi kutwaa kombe la vijana la Kanada, Memorial Cup, mwaka 1982 na 2003.

"Yule namba yake unaiona?" mpwa wangu aliniuliza, akinyoosha kidole. "Analala nyumba ya tatu kutoka kwetu."

Mwana wa watu

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Katika mkoa wa Ontario, ligi ya vijana huwa na siku yake ya kuchagua wavulana wenye miaka kumi na mitano. Timu hukaa na kutaja majina kwa zamu. Anayetajwa hachagui mji. Akitakiwa na timu iliyo kilomita mia saba kutoka kwao, huko ndiko aendako.

Akifika, timu humtafutia nyumba. Si bweni, bali ni familia ya kawaida inayokubali kumlaza, kumlisha na kumchunga kama mwanao. Siku iliyofuata dada yangu alinipeleka kwa jirani huyo wa nyumba ya tatu. Ni mama wa makamo, na mvulana aliyekuwa akikaa kwake alikuwa wa tano kumlea.

Alitufungulia jokofu tukacheka: maziwa yamepangwa kama dukani. Akatueleza ratiba. Asubuhi kijana huenda shule ya sekondari ya hapo mjini. Alasiri ni mazoezi. Usiku kuna saa ya kurudi nyumbani, na asiporudi timu hupigiwa simu. Msimu una mechi 68, nyingine huko Sault Ste. Marie, safari ya basi ya kutwa nzima, na vitabu husomwa humo humo ndani ya basi.

"Jambo gumu ni lipi?" dada yangu akamwuliza.

Yule mama alifikiri kidogo. "Majuma sita ya kwanza," alisema. "Anapofunga mlango wa chumba chake na ninajua analia, nami si mama yake."

Dada yangu hakusema neno tena mpaka tulipofika nyumbani. Sisi tuliopelekwa shule za bweni na sanduku la bati tunajua kilio hicho. Lakini sisi tulikwenda kusoma. Mtoto huyu huenda kwa sababu ya gongo na barafu.

Mnada au mlango?

Zamani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Timu kubwa zilikuwa na timu zao ndogo, na mtoto aliyetia sahihi kwenye fomu alikuwa mali ya timu moja. Bobby Orr, ambaye wengi humhesabu kuwa miongoni mwa wachezaji bora kabisa waliowahi kuishi, alitoka mji mdogo wa Parry Sound na kufungwa na Boston mwaka 1962 akiwa na miaka 14. Hata Kitchener Rangers ilikuwa kitoto cha New York Rangers, ilipohamishwa hapo kutoka Guelph mwaka 1963.

Mwaka uo huo, tarehe 5 Juni, ligi kuu ya NHL ilifanya uteuzi wake wa kwanza wa vijana katika hoteli moja mjini Montreal. Walitajwa wavulana 21. Wa kwanza alikuwa Garry Monahan, aliyechukuliwa na Montreal. Kati ya wote 21, waliofika kucheza ligi kuu ni watano tu.

Siku hizi timu ni 32. Uteuzi una raundi saba, yaani majina 224 kila mwaka, na kijana huanza kustahili anapotimiza miaka 18. Nia ya mpango huo ni usawa: iliyoshika mkia hutangulizwa ili mwenye nguvu asizidi kunenepa. Lakini binadamu ni binadamu. Shaka ilipoingia kwamba timu nyingine zingeshindwa kusudi ili zipate nyota, ligi ilianzisha bahati nasibu mwaka 1995, ili wa mwisho asiwe na hakika ya kuwa wa kwanza.

Kabla ya siku hiyo, wasaka vipaji huzunguka majira yote ya baridi, daftari mkononi. Kisha vijana wanaotazamiwa zaidi huitwa Buffalo, Marekani, wakapimwa kama ng'ombe wa maonyesho: kimo, uzito, pumzi na nguvu za mikono. Mwaka 2014 kijana mmoja wa ligi hii ya Ontario, Sam Bennett, alining'inia kwenye chuma akashindwa kujivuta juu hata mara moja. Magazeti yalimcheka. Calgary ikamchukua hata hivyo, akiwa wa nne. Mwaka 2025 Florida ilipotwaa Kombe la Stanley, tuzo ya mchezaji bora wa michuano ya kuwania kombe hilo ilimwendea yeye.

Kinyume chake, mwaka 1993 Ottawa ilimtaja Alexandre Daigle kuwa wa kwanza kabisa, ikamlipa mamilioni kabla hajacheza mechi moja. Hakuwa nyota aliyetazamiwa. Nako Detroit, safari ya saa tatu hivi kutoka Kitchener, walimchukua Mrusi Pavel Datsyuk mwaka 1998 akiwa wa 171, na Mswidi Henrik Zetterberg mwaka 1999 akiwa wa 210. Hawakuwakimbiza. Waliwaacha wakue kwao kwanza, na wote wawili walikuja kuwa nguzo za timu.

Ndiyo maana wenye kuujua mchezo huu husema kwamba siku ya kutajwa ni mwanzo tu. Wengi wanaotajwa hurudishwa kwenye timu zao za vijana, kwenye chumba kile kile kwa mama yule yule mlezi. Baadaye huenda ligi ya daraja la pili, AHL, ambako kila timu kubwa ina timu ya kuivishia vijana wake. Huko husubiri mwaka, miwili, hata minne. Embe halipigwi mawe likiwa changa.

Kitu cha kushika mkononi

"Na asiyefika?" nilimwuliza mpwa wangu usiku mmoja, tukinywa chai.

"Mjomba, wengi hawafiki," alijibu bila kusita. Nilishangaa kwamba alijua.

Jibu la ligi ni karo. Kwa kila msimu kijana anaocheza, timu hupaswa kumwekea karo ya mwaka mmoja wa masomo ya juu. Ahadi hiyo ina masharti yake, na mzazi asiyesoma maandishi madogo huweza kujuta. Tena si kila mtu ameridhika. Mwaka 2014 wachezaji wa zamani walikwenda mahakamani wakidai kwamba walifanyishwa kazi bila kulipwa hata kima cha chini cha mshahara. Kwa miaka mingi pia, mvulana aliyecheza ligi hizi alifungiwa mlango wa timu za vyuo vikuu vya Marekani. Mlango huo ulifunguliwa kuanzia msimu wa 2025-26, baada ya vyuo hivyo kubadili kanuni.

Dada yangu aliyaandika hayo yote kwenye karatasi, upande mmoja faida, upande wa pili hasara. Aliibandika kwenye mlango wa jokofu. Chini kabisa aliandika sharti lake: mtoto ataenda akitajwa, lakini alama za shule zikishuka, atarudi nyumbani. Mpwa wangu alitia sahihi kama mtu anayetia sahihi kandarasi ya mamilioni.

Kabla sijaondoka, kijana yule wa nyumba ya tatu alikuja kupiga theluji kwa koleo mbele ya mlango wa dada yangu, bila kuombwa. Nilimwona akifika kwao na kuvua viatu vyake nje, mama mlezi akimkemea kwa kutovaa kofia. Aliitikia kama mtoto wa nyumba hiyo. Pengine hiyo ndiyo sehemu ya ukuzaji wa vipaji ambayo haiandikwi kwenye daftari za wasaka vipaji.

Siku za uteuzi zilipowadia baadaye mwaka huo, nilikuwa Nairobi. Dada yangu, mumewe na mtoto walikaa mbele ya kompyuta kwa siku mbili, majina yakipita raundi baada ya raundi. Jina la mpwa wangu halikutajwa.

Alinipigia simu usiku. Nilidhani nitamsikia mama aliyepumzika, maana kwa miezi kadha alikuwa akiomba mtoto asiende mbali. Badala yake alikuwa analia. "Kaka, nilitaka abaki," alisema, "lakini sikutaka akataliwe."

Nilimkumbusha habari ya David Clarkson, ambaye alikuwa katika timu ile ya Kitchener iliyotwaa kombe mwaka 2003. Hakuna timu ya NHL iliyowahi kumtaja kwenye uteuzi. Alisajiliwa na New Jersey mwaka 2005 akiwa hana raundi wala namba, akacheza ligi kuu miaka mingi.

Sijui kama maneno hayo yalimfaa. Lakini juzi aliniambia kwamba kijana bado huamka alfajiri kwenda barafuni, anacheza katika timu ya hapo mjini, na analala kitandani mwake. Karatasi ile bado iko kwenye jokofu. Orodha za faida na hasara zimekatwa mstari kwa kalamu, ila lile sharti la alama za shule lingali pale pale, na sahihi mbili chini yake.