Oili Chafu, Sakafu Safi

Gereji ya mjomba nilikojifunzia kazi mjini Embu haikuwa na sakafu. Ilikuwa na udongo mwekundu uliokwisha kuwa mweusi na mgumu kama lami, maana kila gari lililobadilishiwa oili liliacha fungu lake pale. Mjomba akilegeza nati ya sampu, oili ilitiririkia kwenye karai. Iliyopotea pembeni ilinywewa na ardhi, na hakuna aliyeiona kuwa uchafu.

Ile ya kwenye karai ilikuwa mali. Wakulima walikuja na mitungi yao kuichukua, wakapaka nguzo za ua na mbao za zizi ili mchwa wasizile. Wapasua mbao waliitia kwenye mnyororo wa msumeno wa injini. Wengine waliwapaka mbwa wenye upele. Siku hizo petroli ilikuwa bado na madini ya risasi, ambayo Kenya iliyaondoa mwishoni mwa 2005, na sehemu ya risasi hiyo iliishia katika oili ile ile waliyopakwa mbwa. Mbwa walipona upele. Mengine yaliyowapata sisi hatukuyafuatilia.

Mambo yaligeuka ilipokuja saruji. Nilikuwa nimehamia Meru, upande wa Makutano, na wateja wetu wakubwa walikuwa madereva wa pikapu za miraa kutoka Maua. Dereva wa miraa hana subira: mzigo unanyauka, Nairobi inangoja, kwa hiyo anataka oili imwagwe injini ingali moto. Oili ya moto ni nyepesi kama maji, na kwenye saruji haina pa kuzama. Inatambaa hadi chini ya kabati la spana, na fundi anateleza akiwa ameshika jeki.

Dawa yetu ilikuwa vumbi la mbao. Unalimwaga, unalisugua kwa soli ya kiatu, unaliacha linywe, unafagia. Doa lililobaki tulilimaliza kwa sabuni ya unga, brashi ngumu na mpira wa maji. Povu la kijivu lilishuka mtaroni, na mtaro ulishuka hadi mto Kathita. Wenye magari walitusifu kwa usafi. Kule Embu nako, gereji zilizowekewa saruji ziliosha hivyo hivyo, na maji yakaelekea mto Rupingazi, ambao huingia Thiba, na Thiba humwaga katika bwawa la Kamburu. Ule udongo mweusi wa mjomba, pamoja na ubaya wake wote, angalau uliizuia oili papo hapo.

Aliyenifundisha kuiogopa sabuni ni nahodha mmoja wa Lamu. Nilikuwa nimeitwa kutengeneza injini ya dizeli ya mashua yake. Filta ilikuwa imevuja, na oili yote ilikuwa imekaa ngamani, chini ya injini, juu ya maji ya chumvi. Mimi, kwa mazoea ya bara, nikaomba sabuni.

“Hapana, fundi,” akasema. “Ukiyatia mafuta sabuni yatashikana na maji, hutayatenganisha tena. Yaache yatulie.”

Tuliketi tukanywa chai. Tuliporudi, oili ilikuwa imetanda juu, nyeusi, maji yametulia chini yake. Akaichota taratibu kwa kopo lililokatwa ubavu, kisha akalaza makumbi ya nazi juu ya utando uliobaki, akayainua, akayakamua ndani ya ndoo. Alirudia hivyo bila haraka mpaka maji yakaonekana. Hapo ndipo alipoanza kuyafua. Mzee huyo hakuwa na haja ya kitabu, lakini mabaharia wa meli kubwa wanaijua kanuni hiyo hiyo: MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia uchafuzi kutoka melini, unataka maji ya ngama yanayomwagwa baharini yasizidi sehemu 15 za mafuta katika kila milioni, na mtambo wa kuyatenganisha hushindwa kazi mabaharia wakiosha kwa sabuni, kwani sabuni huvunja mafuta kuwa chembe ndogo mno zisizoelea.

Meru hatuna makumbi. Niliporudi, niliongeza vumbi la mbao, nikapunguza maji, na uoshaji wowote usioepukika nikauelekeza kwenye pipa ili oili ipande na ichotwe. Vumbi lenyewe lilianza kutafutwa Februari 2018, serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma. Wafugaji wa kuku wa nyama nao walilitaka kwa kutandika bandani. Tuliokolewa na migrivea ya mashambani. Marufuku hiyo iliondolewa Julai 2023, lakini bei ya gunia, kama bei zote, haikukumbuka kushuka.

Siku hizi wapo wanunuzi wanaopita na mapipa kukusanya oili chafu. Kanuni za taka zinamtaka anayeisafirisha awe na leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, nami huomba kuiona kabla ya kufungua bomba la pipa. Wengine hukasirika, wakaenda gereji ya jirani, ambako hawaulizwi.

Kwa hiyo wewe mwenye gari, siku utakapobadilisha oili, usiishie kuuliza bei ya filta. Muulize fundi ile ya zamani inakwenda wapi, na ukiona povu likielekea mtaroni, peleka gari lako kwingine.